Mizinga ya Wafaransa

Sijawahi kuona bahari, lakini kuna manowari moja ya Wafaransa ninayoijua mbao kwa mbao.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa Kiswahili alitoa amri: kila mwanachama wa kilabu cha Kiswahili asimame asimulie jambo moja, dakika tano, bila karatasi. Akishindwa, anatoka kilabuni. Shule nzima, kilabu ndicho kitu pekee nilichokipenda. Na muhula uliotangulia nilisimama pale mbele nikaangalia viatu vyangu mpaka nikaambiwa niketi. Nafasi yangu ilikuwa imebaki hii moja.

Mwalimu alinipa ukurasa wenye picha. Manowari ya milingoti mitatu, iliyoundwa Ufaransa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Ilivuka bahari mara nyingi, ikawafukuza Waingereza, nayo ikafukuzwa, mwisho ikapasukia mwambani. Yote niliyaelewa. Hata pale palipoandikwa kwamba ilibeba mizinga kila ubavu.

Kwetu mzinga ni wa aina moja tu, wa nyuki. Babu yangu, ambaye tunamwita Kugo, anayo minane msituni upande wa Londiani. Nilipomsomea, aliacha kunoa panga.

"Mizinga kwa maji? Ya nini?"

"Ya vita, Kugo. Imeandikwa waliwafungulia adui mizinga."

Akafikiri. "Hao walikuwa watu wa akili. Nyuki ikiingia kwa jeshi, nani atashika bunduki?"

Siku yangu ilipofika, sauti ilitoka yenyewe, maana nyuki nawajua. Nilieleza jinsi nahodha alivyongoja adui akaribie kabisa, ndipo akaamuru mizinga ifunguliwe.

"Na nyuki haikuwauma wao wenyewe?" kijana mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Walikuwa na moshi," nikamjibu. "Hata kwa picha unaonekana."

Mwalimu alivua miwani akajipangusa macho. "Mwanangu, mzinga huo ni bunduki kubwa, ya kurusha chuma. Kwani hamjawahi kusikia rais akipigiwa mizinga ishirini na moja?"

"Mimi nilidhani anapewa aende nayo nyumbani," akasema msichana wa dawati la mbele.

Darasa likavunjika kwa kicheko. Masikio yalinichoma. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Kaa tu chini, wewe." Viatu vyangu vilikuwa palepale, vinaningoja. Lakini nilikuwa na dakika mbili bado, na meli haijazama.

"Mwalimu, naomba niizamishe kwanza."

Akatikisa kichwa kukubali, kicheko bado kinamtoka.

Nikawaambia ukungu uliishukia kama unavyoshukia majani chai asubuhi, ukawa humwoni anayechuma mbele yako, unasikia tu majani yakikatika. Mabaharia nao walisikia mawimbi yakipiga mwamba, na hawakuuona. Meli ikakwama. Ili iwe nyepesi wakaanza kutupa mizinga baharini. "Ile ya chuma," nikasema, "si ya asali." Wakacheka tena, lakini sasa kicheko kilikuwa changu. Wakaitupa yote. Meli haikusogea. Kulipokucha mawimbi yaliipasua katikati, na wengi wao hawakujua kuogelea.

Hakuna aliyecheka hapo.

"Keti," mwalimu akasema. "Hutoki kilabuni. Lakini kamusi utanunua."

Mpaka leo shuleni naitwa Nyuki, na nikiitwa naitika.

Jumamosi nilimweleza Kugo ukweli. Niliona imemuuma, alikuwa ameshawasifu Wafaransa kwa majirani.

"Hiyo ya chuma walitupa yote?"

"Yote, Kugo."

"Na watu wakazama."

"Ndiyo."

Alitazama mzinga mpya aliokuwa akiuchonga, gogo lililotobolewa ndani, jepesi.

"Ya nyuki ingeelea," akasema. "Wangeshikilia."