Pale Rukangaga Ilipokuwa Inaota

Wiki iliyopita mama alikataa kulala kwenye matela, godoro letu la sponji. Alisema sponji inamchoma mgongo, na kwa kuwa daktari alishaacha kuandika dawa na kutuambia turudi nyumbani Rugenge, sikuwa na hoja ya kubishana naye. "Miye nataka kulala juu ya kirago cha rukangaga," alisema, "vile mama yangu alikuwa anafuma." Nikashuka ziwani.

Kama hukulelewa huku kwetu, rafiki, rukangaga ni jani refu la majimaji, lenye makali ya kukukata kidole bila kukuomba ruhusa. Bibi alitufundisha kulitafuta kwa miguu, si kwa macho. Maji yakifika magotini, umeingia kwenye mafunjo, yale yenye vichwa kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Tope likiishia kwenye kifundo cha mguu, hapo ndipo rukangaga. Ukikanyaga pakavu, utakutana na ndago, ndugu yao mdogo asiye na faida, anayesumbua mihogo ya watu. Utotoni tulikuwa tukirudi na mafungu vichwani, tukinuka tope, harufu ya ndagala za kukaanga ikituita kutoka kila ua. Bibi alihesabu mafungu. Nami nilihesabu nyuma yake, maana alizoea kuruka fungu langu moja ili kesho niongeze bidii.

Kisha ziwa likapanda. Likala barabara, likala nyumba, likala ule ukingo wote wa kifundo cha mguu. Siku hizi ukitoka kwenye ukuta wa mtu, hatua ya pili maji yako kiunoni.

Nilitembea kuelekea pale mto Ruzizi unapoingia ziwani. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasugua sufuria alinitazama weee, akashindwa kuvumilia.

"Weye mama, unatafuta nini?"

"Rukangaga."

"Iko chini ya maji, pamoja na choo chetu. Ingia uchague!"

Tulicheka wote wawili. Nikaendelea, nikipatana na Mungu njiani: si kirago kizima, hata cha mgongo tu. Hata nusu mgongo.

Nyuma ya nyumba iliyoanguka, bomba lilikuwa linavuja. Hapo niliona mashina saba. Nikahesabu tena: saba. Kirago kinataka mafungu manane. Bibi angeyaacha yazae kwanza. Niliyakata yote.

Mama aliyanusa, akayapitisha kati ya vidole polepole.

"Zingine ziko wapi?"

"Nimezianika uani."

"Kwenye kivuli?"

"Kwenye kivuli, mama."

"Vizuri. Jua likizipiga sana zinavunjika. Kesho kutwa uniinue nikuonyeshe namna ya kuanza. Weye hukuwa na mkono wa kufuma, ulikuwa na mdomo tu."

Ni kweli. Sikujifunza, na simjui mwingine mjini hapa anayejua kuanza kirago. Mama alilala palepale kwenye sponji, uso umetulia. Nikatoka mlangoni. Uani hapakuwa na kitu, ila kamba ya nguo.