Barometa ya Baba

Baba alipostaafu kule ziwani alikuja kwangu Riruta, Nairobi, na sanduku la nguo na barometa ya shaba, nzito kama sufuria ya ugali. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuitazama alfajiri. Mshale ukishuka, dalili ya dhoruba, alipandisha bendera nyekundu ufuoni na hakuna mvuvi aliyethubutu kutoka. Utabiri ulipoanza kuja kwa simu, barometa ikatupwa, naye akaiokota.

Aliitundika sebuleni mwangu bila kuniuliza. Mshale ukalala kwenye alama ya dhoruba na haukuinuka tena. Kila asubuhi alimpigia baba mdogo, ambaye bado alikuwa akivua kule ziwani kwa mtumbwi wa kukodi: "Usiingie majini leo." Kisha aliniamuru nianue nguo, jua likiwaka, wapangaji wenzangu wakinicheka.

Nilichoka. Nikaibeba hadi kwa fundi wa saa Parklands, nikamweleza ilikotoka.

"Madam, hii haijaharibika," akasema. "Imezoea kule chini ziwani. Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi. Geuza tu hii skrubu ya nyuma."

Sikuigeuza. Niliirudisha ukutani nikanyamaza, maana ilinifurahisha kumwona mzee anayejua kila kitu akidanganywa na chombo chake mwenyewe. Ilikuwa roho mbaya, na sitaki kuipamba. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia chai. Mwezi mzima nilimsikia akipiga ile simu, nikicheka jikoni.

Jumapili moja akina mama wa kanisa walikuja, naye akaanza kujisifu jinsi anavyomlinda ndugu yake akiwa Nairobi. Sikuweza kujizuia. Niliwaeleza yote, pamoja na skrubu, nao wakacheka hadi machozi.

Baba aliweka kikombe chini. "Umejua tangu lini?"

"Mwezi."

Alibonyeza namba, akaweka spika, akanipa simu. "Mwambie baba yako mdogo."

Baba mdogo alipokea akihema. Alisema mwenye mtumbwi alikuwa amemkodishia mtu mwingine, asiyeogopa maji. Siku hizi yeye hupakia mchanga kwenye malori, na mgongo unamuuma.

"Lakini niko hai, binti yangu," akasema. "Nishukurie kaka sana."

Wageni walikuwa wameacha kucheka. Baba alinitazama, akisubiri.

Nikamuuliza baba mdogo kama watoto hawajambo.