Siku Tisini za Rozalia

Kwa miaka kumi na minne Veneranda alitengeneza programu ya kuwatafutia mawakili wa Iringa hukumu za zamani, na alichosoma humo alikieleza kwenye blogu yake kwa Kiswahili chepesi. Alijivunia kusikia kuwa wanajumuiya wa kanisa huko Mafinga walizichapa makala zake na kuzisoma baada ya rozari.

Jumanne moja mjane aitwaye Rozalia akamfuata ofisini na karatasi hizo, akamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Uliandika rufaa ya kesi ya shamba ni siku tisini. Jumuiya wakasema zipo nyingi, tupatanishwe kwanza na shemeji aliyenishinda. Nimekwenda mahakamani siku ya themanini, karani ananicheka."

Makala ilikuwa ya zamani. Sheria ilishabadilika, siku zikawa arobaini na tano, na Veneranda hakuirekebisha makala.

"Mama, tuombe kuongezewa muda."

"Nimeomba, wamekataa. Shamba la marehemu limekwenda, shemeji anakata mipaina." Akasogeza kiti karibu na kompyuta. "Si wewe msomaji? Nitafutie humo."

Veneranda alitafuta mpaka saa kumi. Hukumu zote zilisema kutojua sheria si sababu ya kuongezewa muda. Rozalia alimkazia macho akisubiri asomewe.