Mwalimu Aliyetuambia Turudi Mwezi Ujao

Ijumaa iliyopita nililetewa habari kwamba mwalimu wa lelemama, ngoma yetu ya wanawake, wa mtaa wa Langoni amefariki, na kwamba amezikwa alasiri ile ile. Mnaonisoma kila wiki mnajua huwa siandiki habari za misiba. Huyu sikuwa hata rafiki yake. Nilizungumza naye mara moja tu, uani kwake, na siku hiyo nilimkosea.

Ilikuwa mwaka ule wa kupata uhuru. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitano, na ngoma kwake haikuwa mchezo wa harusini. Alijizoeza peke yake kila siku, mikono na magoti, mpaka kanga ikalowa jasho. Mwalimu wake wa kwanza alipohamia Mombasa, ilinibidi nimtafutie chama kingine, na vilikuwapo viwili. Cha Mkomani kilikuwa kikubwa, chenye sare za hariri na mialiko ya kuwachezea wakuu wapya wa serikali waliotoka bara. Cha Langoni kilikuwa na wasichana saba na ua usio na hata mkeka mzima. Tulianzia huko, maana binti mwenyewe ndiko alikotaka.

Mwalimu alimtazama akicheza, bila kumsifu hata kidogo. Kisha akaniita kando.

"Mwana huyu goti la kushoto lamuuma, naye aficha," akasema. "Mpumzishe, Bi, kisha umrejeshe mwezi uyao."

Wasomaji wa visiwani hawahitaji kuelezwa. Kwetu hakuna anayekataa waziwazi. Posa isiyotakiwa huambiwa irudi mwezi ujao, na mwenye akili zake harudi. Nilihisi uso ukiniwaka. Njiani nikamwambia binti yangu kwamba amekataliwa, na wiki ile ile nikampeleka Mkomani, walikotupokea kwa halua na kahawa na kumsifu mpaka nikaona haya. Goti hakulitazama mtu.

Alicheza miezi mitatu. Siku ya sherehe, mbele ya viti vya wakuu, goti lilimwacha akaanguka safuni, na wenzake wakaendelea kucheza kwa sababu wageni walikuwa wakitazama. Tangu hapo anachechemea, na lelemama ikipita huisikiliza dirishani. Nilisema ni kudura, na majirani wakaniitikia. Ilinifaa kusema hivyo.

Juzi tulikwenda matangani, mimi na yeye. Mdogo wa marehemu alimwona anavyokaa chini kwa taabu, akanigeukia.

"Ndiwe mamake yule mwana wa goti? Dada alimngoya mwezi mzima. Pahala pake safuni hakuweka mtu."

Binti yangu hakulia. Alinitazama tu, akasema taratibu, "Mama, uliniambia alinikataa."

Adabu yetu ya kukataa kwa maneno laini tunaisifu sana, na mimi nimeisifu hapa hapa gazetini. Lakini imetuzoesha vibaya, hata mtu akisema kweli tupu tunatafuta tusi ndani yake. Ukiambiwa urudi, rudi, hata kama unakwenda kukataliwa. Aibu ile ingenipata mimi, kwa siku moja. Niliikimbia, na sasa binti yangu akipanda ngazi nyumbani naziba masikio yangu bure, maana namsikia hatua kwa hatua.