Nyota Iliyomfuta Faki Hamisi

Nakumbuka asubuhi moja bandarini Mkoani, kule Pemba, mwanangu.

Nilikuwa karani kijana, nimemaliza kidato cha nne, najiona fundi wa kompyuta. Ofisi yetu ilipeleka wagonjwa wa macho Unguja wakapasuliwe. Siku moja kabla ya safari zikaja habari kuwa Faki Hamadi wa Wingwi amefariki. Nikaambiwa nimtoe kwenye orodha. Jina lake liliandikwa mara mbili, Faki Hamad na Faki Hamadi. Nikaona tabu ya nini? Nikaandika "Faki Ham", nikatia alama ya nyota mwishoni. Nyota hiyo huiambia mashine: herufi zozote zinazofuata, wewe kamata. Nikafuta bila kutazama ilichokamata. Nilisahau kuwa mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo.

Asubuhi muuguzi akasoma majina kwenye ngazi ya meli. Mzee Faki Hamisi, naye wa Wingwi, alisimama kashikwa mkono na binti yake, Bi Time. Jicho moja lilikwisha kuzima, la pili lilikuwa njiani.

"Rudia kusoma, bwana. Baba hujamtaja."

"Hayumo, dada. Asiyekuwemo hana tiketi."

"Hayumo vipi? Kwani kafa?"

Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale, mwanangu, na nilijua papo hapo nilichokifanya. Honi ikalia, wachukuzi wakapiga kelele, nami ulimi umeganda. Niliogopea kazi yangu. Nilipokuja kusema, "Nimemfuta mimi," ngazi ilikwisha vutwa.

Bi Time akanigeukia. "Ulisubiri meli iondoke ndiyo upate sauti?"

Mzee Faki akamnyamazisha, akaniuliza taratibu: "Hiyo mashine ina macho?"

"Haina, mzee."

"Na wewe?"

Safari nyengine ilichukua miezi. Alipofika Unguja akaambiwa kachelewa. Alinisamehe, lakini hadi anakufa alinitambua kwa sauti tu. Majuto ni mjukuu, na wangu nimezeeka naye.

Basi mwanangu, ukitumia nyota, anza kwa kutafuta, usianze kwa kufuta. Soma kila jina ililokuletea, hata yakiwa mia. Nyuma ya kila jina kuna mtu kasimama. Na ukikosea, sema wakati ngazi ingali chini. Mola akujaalie macho yanayoona na ulimi usiochelewa. Amin.