Lorna Hafuti Kimya Kimya

Saa kumi na mbili asubuhi, Lorna Haugen anachota visamaki vya chambo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika simu. Nje, Ziwa Tamarack limeganda jeupe mpaka ng'ambo.

"Ameshaanza," anasema akicheka. "Hata kahawa hajanywa, ameshatukana watu wawili."

Anayesemwa ni Milo Pelkey, fundi pikapu mstaafu. Lorna, mwenye miaka sitini na tatu, anauza katika duka la chambo la Duane Skoglund, hapa kaskazini mwa Minnesota. Ndiye pia msimamizi wa jukwaa la mtandaoni ambako wavuvi wa ziwa hili huulizana unene wa barafu, hugombana na kupatana.

Kwenye majukwaa mengine ujumbe ukifutwa ndiyo basi, hakuna anayejua umeenda wapi. Lorna akifuta, huandika pale pale kilichoondolewa ni nini, kwa nini, na jina lake. Asiyeridhika anamuuliza mbele ya wote.

"Ukiwaficha hawa, wanajaza pengo wenyewe," anasema. "Na wanavyojaza, Mungu wangu!"

Utaratibu huo ulimweka pabaya Januari hii, shindano la uvuvi likikaribia. Milo aliandika kwamba barafu ya kwenye mdomo wa mto haibebi hata mbwa, na kwamba Duane, anayeandaa shindano papo hapo, ni mpumbavu mwenye tamaa. Lorna alikuwa na foleni ya wateja. Aliona tusi, akafuta ujumbe mzima. Onyo likaenda na tusi.

Duane alifurahi. "Acha hivyo hivyo, Lorna. Usiandike kitu. Nani atajua?"

"Milo atajua," akamjibu. "Na Milo ana namba yangu ya nyumbani."

Akaandika: "Nimeondoa ujumbe wa Milo. Amemtukana Duane. Duane ndiye anayenilipa mshahara, kwa hiyo nihojini."

Wakamhoji kweli. "Wewe mama, unamlinda bosi?" Lakini Carol Beaulieu, mwalimu ambaye wanawe walishajiandikisha kushindana, aliuliza jingine: "Kabla ya kutukana, Milo alisema nini?"

Hapo ndipo Lorna alipoona alichofuta. Alirudisha onyo bila tusi, akaandika chini yake kwamba kosa ni lake. Kisha akamkazia macho bosi wake mpaka bosi akabeba keekee ya kutobolea barafu, akatoka.

Duane alirudi buti zimelowa. Pale ambapo pikapu zingeegeshwa, barafu haikuzidi upana wa vidole vitatu. Shindano likahamia ghuba ya mashariki, na watoto wa Carol wakarudi nyumbani na samaki mmoja na mafua.

"Siku ile nilitaka kumfukuza," Duane anasema. "Sasa naogopa akiondoka."

Na anaondoka. Barafu ikiyeyuka, Lorna anahamia Duluth kulea mjukuu. Mrithi wa jukwaa ameshamchagua, na Milo anapoingia kununua chambo, anaambiwa.

"Mimi? Umechanganyikiwa, mama! Nitawafuta wote kabla ya chakula cha mchana."

"Wafute," Lorna anasema, akimfungia chambo chake. "Ila kila mmoja umwandikie sababu, na chini uweke jina lako."

Milo anachukua chambo chake, anafika mlangoni, kisha anageuka.

"Basi," anasema mwishowe, "itabidi nianze kwa kujifuta mwenyewe."