Saa Niliyoipasha Moto

Kabla hujaniita mwongo, nishike huu mkono wa kushoto. Shika tu, haukuumi. Umeona? Nje jua la Juba linakaanga watu, na mkono wangu ni baridi kama soda iliyotoka kwenye barafu. Sasa shika wa kulia. Haya. Mimi ni mtu wa kanisa, uganga siujui, na haya yalinipata mimi mwenyewe, dukani, jua halijazama, nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni Mkenya, nauza saa za kifahari katika duka moja la mtaa wa Hai Jalaba. Usicheke, wanunuzi wapo. Na kuuza saa si kusifu mashine. Kitu cha kwanza mteja anachokisikia ni kasha, ile bodi ya nje inayogusa ngozi. Dukani kuna kiyoyozi, kwa hiyo stili huwa baridi, na mtu aliyetoka juani ukimvisha stili baridi anashtuka, anavuta mkono, anaanza kutafuta kasoro. Basi nilikuwa na ujanja wangu. Saa naivaa mwenyewe kwanza, mkono wa kushoto, tunapiga stori kidogo, ikishapata moto ndipo namvisha. Wengi walinunua lile joto tu na hawakujua. Nilijivunia sana, aki.

Jioni hiyo mvua ilikuwa imekatika na nilikuwa karibu kufunga. Akaingia mwanaume wa makamo, mrefu, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, viatu vinaacha maji sakafuni. Alisema anafanya kazi kwenye boti za mizigo kule bandari ya mtoni. Kiswahili chake kilikuwa cha wale waliokulia Uganda.

"Madam, mimi nataka saa yenye haiko baridi," akasema. "Bibi yangu anaogopa mkono baridi. Nikimshika, nataka ajue ni mimi."

Nikacheka. Nilidhani ni mambo ya mapenzi hayo. "Mzee, kwa hilo umefika," nikamwambia.

Nilianza na stili. Nikaivaa, ikapata moto, nikamvisha. Niamini, joto lote liliisha hapo hapo, kabla sijamaliza kufunga mkanda. "Imepoa," akasema. Kidole changu kiligusa ngozi yake, nayo ilikuwa baridi kuliko ile stili. Si ajabu, nikajiambia. Mtu ametoka kwenye mvua.

Nikaleta dhahabu. Dhahabu ni nzito lakini ina raha yake, inakaa mkononi kwa heshima, na rangi ile ilimpendeza kweli kwenye ngozi yake nyeusi tii. Akafumba macho. Nikajua nimeuza. Kisha akauinua mkono, akaushusha. "Hii itanivuta chini tena," akasema. Tena? Nikaivua. Kauri nyeusi, ile inayong'aa na haishiki mikwaruzo, aliitazama sana kwa kuipenda, halafu akasema iko kama sahani. Na kwa kila moja aliniomba kwa upole, "Ipashe kwanza, madam, maalesh," yaani samahani kwa kukusumbua. Nami naivaa. Na kila mara naona inachelewa zaidi kupata moto. Nikalaumu kiyoyozi, nikakizima.

Mwisho nikatoa titani. Ni chuma chepesi, rangi ya jivu, hakina mbwembwe, na wapenda dhahabu wanakidharau. Lakini hakikushtui kwa baridi, na hata ukitoka jasho mchana kutwa hakikuwashi. Nikaivaa, nikaifunika kwa kiganja cha kulia, nikangoja hasa. Nilipomvisha, uso wake ulibadilika wote. Machozi yakamlengalenga.

"Hii," akasema. "Hii sasa ni mkono yangu."

Akalipa bila kubishana bei. Hapo tu ningepaswa kushtuka! Nani Juba hii analipa bila kubishana? Alipotoka nikarudi kupanga zile nyingine, na zote zilikuwa na ukungu ndani ya kioo. Saa hizo mtu anaogelea nazo, haliingii hata tone. Nikatazama mkono wangu wa kushoto. Kucha zilikuwa zimegeuka nyeupe, na vidole sikuvisikia.

Nyumbani nilikuwa na mtoto mchanga. Nikampakata nimnyonyeshe, mkono ule ukamgusa mgongoni, akapiga yowe utadhani nimemchoma. Kila nikimbeba, hivyo hivyo. Nikatumia maji ya moto, dawa ya kuchua, glavu, maombi. Daktari akasema damu inapita vizuri, niende nyumbani. Mtoto akaanza kutulia kwa baba yake tu, na akiniona mimi ninanyoosha mikono, anageuza uso. Nililia, sikufichi. Mama gani anaogopwa na mwanawe?

Kisha siku moja akaingia dukani mama mmoja wa mtaa wa New Site, amevaa nguo za msiba. Jina la duka alilisoma kwenye boksi la saa. Akaweka mezani ile saa ya titani. Mkanda wake wa chuma ulikuwa mkubwa kwake, alitaka nipunguze vipande.

"Ilikuwa ya mzee wangu," akasema. "Alianguka mtoni asubuhi, kutoka kwa boti. Mimi sikuwa najua. Jioni ya siku hiyo hiyo akakuja nyumbani, tukakaa, akanishika mkono mpaka nikalala. Mkono yake ilikuwa moto, madam, kama siku zote. Kuamka, kiti iko na maji, na saa iko kwa mkono yangu. Ndiyo wenzake wakakuja kuniambia." Akaitazama ile saa. "Na haipoi. Mimi nalala nayo."

Nikaichukua kwa mkono wa kushoto. Mungu wangu! Vidole viliamka, vikawa vinachomachoma kama mkono uliolaliwa. Lile lilikuwa joto langu. Sikuambiwa na mtu, nililijua tu. Ningeweza kumwambia aiache, fundi hayupo, arudi kesho. Angekubali. Ningeivaa jioni hiyo, nikambeba mwanangu. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Yule mama alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake, pale saa ilipokuwa, anakisugua polepole, anangoja.

Ningemwambia nini? Nirudishie mumeo?

Nikatoa vipande viwili, nikamfunga ile saa mwenyewe. Vipande vinavyobaki huwa tunamrudishia mteja. Nilipompa, akakifunga kiganja changu juu yavyo.

"Baki nayo, dada," akasema. "Wewe pia mkono yako iko baridi."

Ninavyo mpaka leo, nimevitunga kwenye uzi. Nikitaka kumbeba mwanangu navifumbata kwanza, na akinisikia hivyo halii, analala. Nikiviweka chini, baridi inarudi vilevile.

Kwa hiyo ukija dukani kwangu siku hizi nitakupa saa ikiwa baridi, na usininunie. Na wewe usije ukamvulia mtu usiyemjua saa yenye joto lako, hata akuombe kwa upole wa namna gani. Mpe baridi hivyo hivyo, aivae, angoje. Kama ni mzima, itapata moto.